Neno na Mpaka Wake: Lugha ya Hataza katika Ukaguzi wa Vidhibiti vya Kumbukumbu

0. Utangulizi

Uhakiki wa Kiswahili umezoea tenzi, riwaya na tamthilia. Ziko matini nyingine, kavu na zisizopendeza kusomwa, ambazo haujazigusa sana ingawa kila neno lililomo hupimwa kwa ukali kuliko mizani ya shairi. Matini hizo ni hati za hataza. Hataza ni haki ambayo dola humpa mvumbuzi, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku alipoomba, ili aweze kuwazuia wengine wasitengeneze, wasitumie wala wasiuze uvumbuzi wake bila idhini yake. Wengi hudhani kwamba kinacholindwa ni kifaa alichokitengeneza mvumbuzi. Kwa hakika kinacholindwa ni sentensi, au sentensi kadhaa, zinazowekwa mwishoni mwa hati na kuitwa madai. Kifaa kinaweza kubadilika, kuharibika, au hata kutotengenezwa kamwe. Sentensi ndiyo inayobaki, na mpaka wa haki hupita pale unapopita mpaka wa maneno yake.

Makala haya yanachunguza namna madai hayo yanavyosomwa na mkaguzi wa hataza na baadaye na hakimu. Mifano imetolewa katika uwanja mmoja, ule wa vidhibiti vya kumbukumbu za kompyuta vinavyokusudiwa kupunguza matumizi ya umeme, na hususan katika mzozo uliozuka nchini Marekani juu ya neno moja tu lililomo katika hataza za kampuni ya Rambus. Hoja inayotetewa ni kwamba ukaguzi wa hataza ni kazi ya usomaji kabla ya kuwa kazi ya uhandisi, na kwamba wasomaji waliolikimbilia kamusi badala ya matini walipotea. Upotevu huo unawahusu wanaisimu wa Kiswahili moja kwa moja, kwani ndio uliotawala kazi kubwa ya kuunda istilahi.

1. Kifaa chenyewe

Hapana budi kueleza kwanza kinachozungumziwa. Kumbukumbu ya kawaida ya kompyuta ni mkusanyiko wa vyumba vidogo mno, kila kimoja kikiwa na transista moja na kapasita moja. Muundo huo ulipewa hataza nchini Marekani tarehe 4 Juni 1968 kwa jina la Robert Dennard wa kampuni ya IBM. Kapasita iliyojaa chaji huhesabiwa kuwa 1, na iliyo tupu kuwa 0. Lakini chaji huvuja, kama maji katika mtungi wenye ufa, na baada ya muda mfupi 1 hugeuka 0. Kwa hiyo kila chumba hakina budi kusomwa na kujazwa upya kabla hakijasahau. Katika chipu za kawaida kipindi kinachoruhusiwa ni milisekunde 64, na joto linapopita nyuzi 85 za Selsiasi hupunguzwa kuwa 32. Safu zikiwa 8192, amri ya kujaza upya hutolewa takriban kila baada ya mikrosekunde 7.8, usiku na mchana, hata kama mwenye kompyuta ameondoka mezani.

Hapo ndipo umeme unapopotea. Kumbukumbu hunywa umeme ili isisahau, si kwa sababu ya kazi inayofanya. Kidhibiti cha kumbukumbu ni saketi inayokaa kati ya kichakataji na chipu hizo: hupokea maombi ya kusoma na kuandika, huyapanga, hutuma amri, na husimamia huo ujazaji upya. Kidhibiti chaweza pia kuiingiza chipu katika hali ya usingizi, ambamo inajijaza yenyewe kwa umeme kidogo bila kupokea amri yoyote. Tatizo ni kwamba kuamka huchukua muda. Chipu iliyolazwa mapema mno itaamshwa mara moja na kazi itachelewa. Iliyochelewa kulazwa itakuwa imekwisha kupoteza umeme uliotakiwa kuokolewa. Karibu uvumbuzi wote katika uwanja huu unahusu swali hilo la wakati: nani alale, lini, na kwa dalili gani.

2. Dai mbele ya mkaguzi

Na lichukuliwe dai lifuatalo, lililotungwa kwa ajili ya makala haya lakini kwa mtindo wa yale yanayowasilishwa kila siku: “Kidhibiti cha kumbukumbu chenye sehemu ya kuhesabu muda ambao kundi la chipu limekaa bila kupokea ombi, na sehemu ya kuliingiza kundi hilo katika hali ya usingizi muda huo unapozidi kiwango fulani, ili kuokoa umeme.” Ni sentensi moja. Hiyo si ajali. Katika utaratibu wa Marekani kila dai hutakiwa kuwa sentensi moja, hata ikijaza ukurasa mzima.

Msomaji wa kawaida ataona kwamba kiini cha sentensi hii ni maneno ya mwisho, yaani kuokoa umeme. Kwa mkaguzi maneno hayo ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote. Kuokoa umeme ni matokeo yanayotamaniwa, na anayedai matokeo bila kutaja njia ya kuyafikia anadai njia zote, pamoja na zile ambazo yeye mwenyewe hakuzifikiria. Miongozo ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya huwataka wakaguzi kuyapinga madai ya namna hiyo. Tena, kuokoa kulinganishwa na nini? Vivumishi vya kiasi, kama vile -embamba, -pana au -enye nguvu, huhesabiwa katika miongozo hiyo kuwa na utata isipokuwa katika fani ambamo vina maana inayokubaliwa na wote. “Umeme kidogo” huingia katika kapu hilo hilo. Hapa mkaguzi anasema jambo ambalo mwanafunzi wa semantiki hufundishwa mwaka wa kwanza: kivumishi cha kiasi hakina maana kamili bila kipimo kilichofichwa nyuma yake. Tofauti ni kwamba mwanafunzi akilisahau hupoteza alama, na mwombaji akilisahau hupoteza hataza.

Linalofuata ni “sehemu ya kuhesabu”. Kiunganishi -a pamoja na kitenzi-jina huonyesha kusudi, lakini je, kusudi la nani? Desturi ya Ulaya ni kusoma “kifaa cha kufanya jambo fulani” kuwa kifaa kinachofaa kulifanya. Miongozo iliyotajwa hutoa mfano ambao ungependeza katika darasa lolote la isimu. Mtu akidai kulabu ya winchi, ndoana ya mvuvi haiingii ndani ya dai lake hata kama maumbo yake yanafanana, kwa sababu ndoana haina ukubwa wala nguvu ya kuinua mzigo wa winchi. Mfano huo umejengwa juu ya upungufu wa Kiingereza, ambacho kina jina moja kwa vitu vyote viwili. Katika Kiswahili ndoana na kulabu ni maneno mbali, na ubishi usingezuka. Kuna sehemu nyingine, kama itakavyoonekana, ambapo Kiswahili ndicho kitakachozusha ubishi ambao Kiingereza hakina.

Baada ya uwazi huja upya, na baada ya upya huja swali gumu kuliko yote, yaani kama uvumbuzi ulikuwa dhahiri kwa mtaalamu wa fani. Mtaalamu huyo ni mhusika wa kubuni, mmoja wa wahusika wa ajabu waliopata kubuniwa na sheria: amesoma kila kitu kilichochapishwa, katika kila lugha, lakini hana hata chembe ya ubunifu. Mkaguzi wa Ulaya huitafuta hati ya zamani iliyo karibu zaidi na dai, huitenga tofauti iliyopo, hulitunga upya tatizo ambalo tofauti hiyo hulitatua, kisha huuliza kama mtaalamu wa kubuni angelifikia suluhisho. Katika mfano uliotolewa, hali ya usingizi imo katika viwango vya chipu vilivyokwisha kuchapishwa, na kuhesabu muda wa kukaa bure ni jambo la kale. Dai hilo lingekufa. Mwombaji angelazimika kuongeza kitu, pengine kwamba kiwango hubadilika kufuatana na mara ngapi kundi la chipu liliamshwa kabla ya wakati.

Hapo ndipo mwanaisimu anapopaswa kusogeza kiti karibu. Uamuzi wa bodi ya rufaa ya Ulaya wa mwaka 1984, uliohusu kidonge cha tumbo na si kompyuta, ulitia tofauti kati ya mambo mawili: kama mtaalamu angeweza kufanya alichofanya mvumbuzi, na kama kweli angefanya. La kwanza halitoshi kumnyima mtu hataza. Kiswahili hubeba tofauti hiyo wazi: “angeweza kufanya” na “angefanya” hutengana kwa kitenzi kizima. Mkaguzi asiyeijali hujikuta anatunga hadithi kinyumenyume: anaanza na suluhisho analolijua, anaandika tatizo ambalo jibu lake limo ndani yake, kisha anashangaa mtaalamu wake wa kubuni kulipata mara moja. Akilieleza tatizo la mfano huu kuwa “namna ya kubadilisha kiwango cha muda kufuatana na idadi ya kuamshwa”, amekwisha kutoa jibu. Akilieleza kuwa “namna ya kupunguza umeme bila kuchelewesha kazi”, ameacha nafasi ya kufikiri. Kati ya sentensi hizo mbili kuna hataza nzima. Ubora wa mkaguzi huonekana katika kutunga swali kuliko katika kulijibu.

3. Mzozo wa neno “bus”

Tarehe 18 Aprili 1990 Mike Farmwald na Mark Horowitz, waanzilishi wa Rambus, waliwasilisha nchini Marekani ombi refu lililoeleza mfumo mzima wa kumbukumbu. Wakati ule chipu nyingi zilichanga biti zake ili kutoa neno moja la data, kwa hiyo zote ziliamka pamoja kila lilipokuja ombi. Wao walipendekeza chipu moja itoe fungu zima la data peke yake, kwa kasi kubwa, huku nyingine zikipumzika. Umeme mdogo ulikuwa mojawapo ya faida za mpango huo, na ndiyo iliyoruhusu chipu kupangwa kwa kubanana bila kuungua. Ili kufanikisha jambo hilo kidhibiti na chipu viliunganishwa kwa nyaya chache ambazo zilibeba kwa zamu anwani, data na amri. Nyaya hizo kwa pamoja ndizo zinazoitwa kwa Kiingereza “bus”, neno ambalo Kiswahili kimelipokea kama “basi”. (Hati yenyewe humwita mwenye kutoa amri “bwana” na mwenye kupokea “mtumwa”. Mhakiki wa Kiswahili, akikumbuka historia ya pwani na ya Maniema, hawezi kuipita sitiari hiyo bila kusita.)

Mwaka 1992 ofisi ya hataza ya Marekani iliamua kwamba ombi lile lilikusanya ndani yake uvumbuzi kadhaa uliojitegemea, ikamtaka mwombaji aligawe katika mafungu 11. Uamuzi huo wa kiofisi, ambao wakati ule haukumshughulisha mtu yeyote nje ya ofisi, ulikuja kuwa ushahidi wa thamani kubwa. Kutokana na shina lile moja matawi mengi yalichipuka: maombi mapya yenye maelezo yale yale ya mwaka 1990 lakini madai tofauti, yaliyoandikwa miaka kadhaa baadaye. Kwa macho ya uhakiki hilo ni jambo la pekee. Matini ya maelezo imeganda, na juu yake zinatungwa sentensi mpya ambazo ni lazima zisomwe kana kwamba zilikuwamo tangu mwanzo.

Mwaka 2000 Rambus iliishtaki kampuni ya Infineon huko Virginia, ikidai kwamba chipu za aina mpya zilizokuwa zikiuzwa ziliingilia baadhi ya hataza hizo. Katika chipu za Infineon anwani, data na amri zilipita katika nyaya tofauti. Lilikuwamo basi, bila shaka, lakini si basi la zamu. Je, neno “bus” katika madai lilikuwa na maana gani? Kama lilimaanisha basi la zamu tu, Infineon ilikuwa nje ya mpaka. Kama lilimaanisha basi lolote, ilikuwa ndani.

Hakimu wa Virginia alisoma maelezo ya mwaka 1990, akaona kwamba yanaposema “uvumbuzi huu” yanataja mara kwa mara nyaya zinazobeba karibu taarifa zote za anwani, data na amri, tena chache kuliko biti za anwani moja. Akaamua mwaka 2001 kwamba neno lilibanwa na matini: “bus” ni basi la zamu. Tarehe 29 Januari 2003 Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliubatilisha usomaji huo. Kwa mujibu wa mahakama hiyo, neno lilikuwa na maana yake ya kawaida, yaani seti ya nyaya za ishara ambazo vifaa kadhaa vimeunganishwa nazo na ambazo taarifa hupitia kati ya vifaa hivyo. Sharti la zamu halikuwa ndani ya madai yaliyobishaniwa, na mwombaji hakuwa ameikana waziwazi maana pana. Mahakama ikarejea pia katika kazi ya mkaguzi wa mwaka 1992: ikiwa ofisi yenyewe ilisema kuwa basi la zamu ni uvumbuzi mmoja tu kati ya wengi uliomo katika hati, haiwezekani kudai kwamba kila uvumbuzi uliomo lazima ulibebe. (Mzozo haukwisha siku ile, pande mbili zilipatana mwaka 2005.)

Ipi ilikuwa sahihi? Usomaji wa hakimu wa kwanza si wa kupuuzwa. Ni usomaji wa mtu aliyeiheshimu matini: aliona neno likitembea siku zote na sifa moja, akahitimisha kwamba sifa hiyo imekuwa sehemu ya maana yake. Hivyo ndivyo maneno yanavyopata maana katika riwaya na katika maisha. Lakini alisoma matini moja akaiacha nyingine. Mazungumzo kati ya mwombaji na mkaguzi ni sehemu ya kazi ile ile. Mkaguzi ni msomaji wa kwanza wa hati, na alipoigawa mara 11 alikuwa ametoa uhakiki wake. Mahakama ya rufani ilistahili sifa kwa kumsikiliza msomaji huyo. Ilipojiegemeza juu ya “maana ya kawaida”, hata hivyo, ilifuata mkondo wa miaka ile ambao ulihitaji kupingwa.

4. Kamusi mahakamani

Mkondo huo ulikuwa umepewa nguvu miezi michache tu kabla, mwezi Oktoba 2002, katika kesi ya Texas Digital. Mahakama ile ile ya rufani ilisema kwamba msomaji wa dai aanze na kamusi, ensaiklopidia na vitabu vya fani. Maana zote zinazopatikana humo na zinazopatana na matumizi ya neno katika hati zichukuliwe kuwa zimo katika dai, ila kama hati yenyewe imezikana. Sababu iliyotolewa si ya kijinga. Ilihofiwa kwamba msomaji akianza na maelezo, mfano mmoja uliochorwa humo utalifunga dai zima. Lakini matokeo yake ni kwamba mtunga kamusi, ambaye hajawahi kuuona uvumbuzi, alipewa mamlaka ya kupima mali ya watu. Na kamusi hazikubaliani. Wakili mwenye rafu ndefu ya vitabu alikuwa na nafasi kubwa kuliko mwenye fupi.

Mwezi Julai 2005 mahakama hiyo, wakati huu ikikaa kwa idadi yake yote, iliurekebisha mwelekeo huo katika kesi ya Phillips. Kesi ilihusu kuta za chuma zinazofaa kwa magereza, na neno lililobishaniwa lilitaja vizuizi vilivyomo ndani ya kuta hizo: je, lazima viwekwe kwa mshazari ili kuipotosha risasi, au hata vilivyosimama wima vinaingia? Mahakama iliamua kwamba neno halikuhitaji mshazari, na muhimu zaidi, kwamba kamusi ni msaada wa pembeni na kuwa maelezo ya hati pamoja na historia ya ukaguzi wake hutangulia. Hilo ni somo la muktadha, lililoandikwa na majaji.

Yafaa kukumbuka kwamba kabla ya hapo, mwaka 1996, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua katika kesi ya Markman kuwa maana ya dai ni kazi ya hakimu na si ya baraza la wananchi. Kesi hiyo nayo ilikuwa ya neno moja, lenye maana ya orodha ya mali iliyopo, katika mfumo wa hesabu za duka la dobi. Ilibishaniwa kama mfumo unaofuatilia fedha bila kuzifuatilia nguo unaweza kuitwa hivyo.

Ulaya ilikuwa na njia yake. Mkataba uliotiwa saini Munich mwaka 1973 husema kwamba upeo wa hataza huamuliwa na madai, na kwamba maelezo na michoro hutumika kuyafasiri. Itifaki iliyoambatanishwa nao hukataa usomaji wa neno kwa neno na vilevile usomaji unaoyafanya madai kuwa mwongozo tu. Lakini je, kanuni hiyo humhusu mkaguzi anapopima upya na ubunifu, au humhusu hakimu peke yake? Bodi za rufaa ziligawanyika kwa miaka mingi. Nyingine zilisema kwamba dai likiwa wazi hakuna haja ya kuyatazama maelezo. Tarehe 18 Juni 2025 Bodi Kuu ya Rufaa ilijibu, katika shauri lililohusu namna karatasi ya tumbaku ilivyokunjwa au kukusanywa, kwamba maelezo na michoro lazima itazamwe kila mara, si pale penye utata peke yake. Jibu hilo lina msingi wa kiisimu ambao bodi nyingine ziliusahau: uamuzi kwamba neno liko wazi ni tunda la kusoma, hauwezi kuwa sharti la kuanza kusoma.

5. Orodha za istilahi

Ni nini basi kinachomhusu msomi wa Kiswahili mjini Lubumbashi? Sheria ya Kongo ya mali ya viwanda, nambari 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, iliyotolewa wakati nchi ingali ikiitwa Zaire, imeandikwa kwa Kifaransa, nacho Kiswahili, kilichotajwa katika katiba ya mwaka 2006 kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, hakina sauti katika eneo hilo. Jibu la kawaida la wanaisimu, hapa na Afrika ya Mashariki, limekuwa kutunga orodha: safu moja ya Kiingereza au Kifaransa, safu moja ya Kiswahili, na ikisha kujaa kazi inahesabiwa kuwa imetimia. Huo ni usomaji wa Texas Digital uliohamia katika isimu. Orodha hudhani kwamba neno hubeba maana yake mfukoni kokote liendako. Mzozo wa Rambus unaonyesha kuwa hata neno ambalo kila mhandisi alilijua liliweza kupewa mipaka miwili kinyume kabisa na mahakama mbili zilizokuwa na hati ile ile mezani.

Upungufu wa orodha huonekana mara tu neno linapoingizwa katika sentensi. Watunga istilahi wameipenda mno ngeli ya ki-/vi- kwa majina ya vifaa: kidhibiti, kichakataji, kihesabu, kihisi, kitambuzi. Kila neno likisimama peke yake ni zuri. Na yajaribiwe katika dai: “Kidhibiti kilichounganishwa na kichakataji, ambacho hukizima kihesabu kinapokuwa hakina kazi.” Nani hakina kazi? Kirejeshi na viambishi vyote vinaweza kushikwa na majina matatu. Kiingereza cha madai hujikinga kwa kurudia jina kila mara pamoja na neno lenye maana ya “kilichotajwa”, mtindo mzito ambao mawakili hawauonei haya. Kiswahili kina silaha bora zaidi, upatanisho wa ngeli, ambao katika sentensi ndefu huweza kumwonyesha msomaji papo hapo ni jina lipi linalorejelewa. Lakini silaha hiyo hufanya kazi pale tu majina yanapokuwa ya ngeli tofauti. Sema “saa” badala ya “kihesabu” na mara moja “inapokuwa haina kazi” haimgusi mwingine. Hakuna orodha itakayolifichua jambo hilo, kwa kuwa orodha haina sentensi.

Vivyo hivyo kwa vitenzi. “Kidhibiti kinacholaza chipu”, “kidhibiti kiwezacho kulaza chipu”, “kidhibiti kilichopangwa kulaza chipu” na “kidhibiti cha kulaza chipu” ni madai manne. La kwanza huweza kusomwa kuwa linakihusu kifaa wakati kinapofanya kazi. La pili hukigusa hata kifaa ambacho hakijawahi kulaza chochote mradi kina uwezo. La tatu lahitaji mtu aliyekipanga. La nne, kama ilivyokwisha kuonekana kwa kulabu na ndoana, hutegemea desturi ya ofisi. Mfasiri anayedhani kwamba ni mapambo tu ya mtindo atahamisha mpaka wa mali ya mtu bila kujua. Mbele ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya, ambamo lugha rasmi ni tatu, sheria yenyewe imelikubali tatizo hilo: madai hutafsiriwa katika zote tatu, lakini matini halisi ni ile ya lugha ambayo shauri liliendeshwa.

Mwisho, na lijaribiwe neno lenyewe lililozua kesi. Kulichukua kama “basi” ni salama, kwa sababu neno la mkopo halisemi lolote kuhusu kilichomo, ingawa mwanafunzi atafikiri kwanza juu ya gari la abiria. “Njia” ni pana kupita kiasi, kwani hata uzi mmoja ni njia. “Seti ya nyaya” huacha nje vile vifaa vilivyounganishwa, navyo ni nusu ya maana iliyokubaliwa mwaka 2003. Linalovutia zaidi ni “njia ya pamoja”, na pengine ndilo ambalo kamati yoyote ya istilahi ingelichagua kwa kuwa ni la Kiswahili, ni fupi, na hueleweka. Lakini pamoja kwa nani? Ikiwa ni vifaa vinavyoitumia njia kwa pamoja, hiyo ni maana ya kawaida, na Infineon imo ndani ya mpaka. Ikiwa ni anwani, data na amri zinazopita humo kwa pamoja, hilo ni basi la zamu, na Infineon iko nje.